Kiti cha pili kilikuwa kitupu, nikakaa mimi: Tanga hadi Unguja kwa ndege ndogo

Nianze na mizani, maana safari yenyewe inaanzia hapo. Uwanja wa ndege wa Tanga halipimwi begi peke yake. Unapimwa na wewe, mbele za watu, na kilo zako zinasomwa kwa sauti. Mama mmoja mbele yangu alikuja na sanduku gumu, akaambiwa nguo azihamishie kwenye mfuko laini, sanduku akampa mwanawe arudi nalo Chumbageni. Kilo 15, mfuko laini, basi. Watu walinung'unika, mimi nilifurahi. Ndege ni Cessna Caravan, injini moja, propela moja, abiria kumi na wachache, na chombo cha namna hiyo hakitaki mzaha wa uzito. Nimekuwa rubani wa bandari, yaani mwongoza meli, hapa hapa Tanga mpaka nilipostaafishwa nikiwa na miaka 60. Chombo kilichopakiwa vibaya nakijua kabla hakijang'oa nanga.

Kampuni siitaji jina, kwa kuwa nina lawama nayo. Saa ya kuondoka waliibadilisha usiku kwa ujumbe wa simu, mtu mzima nimeshalala, na asubuhi namba ya ofisi inaita tu haipokelewi. Nauli inazidi laki mbili, kwenda tu. Kwa pesa hiyo unafika Dar kwa basi kupitia Segera na Chalinze, unavuka kwa boti, unarudi, na ya urojo inabaki. Ila magoti yangu hayataki tena basi la kutwa nzima, na harusi ya mjukuu ilikuwa jioni ile ile, Mwanakwerekwe. Ukumbi wa kungojea ni mdogo, safi, feni inazunguka. Hapo sina neno.

Rubani alipopita kwenda kwenye ndege, kijana mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake: "Huyu mzee si angekuwa kwake analea wajukuu?" Wakacheka. Kweli, mvi zilikuwa zimejaa kidevuni. Miwani imening'inia shingoni kwa uzi, na nyingine imejitokeza mfuko wa shati. Wale vijana waliona uzee. Mimi niliona mtu anayefuata sheria, kwa sababu rubani anayehitaji miwani hatakiwi kupaa na jozi moja tu, lazima akiba iwe karibu. Akaizunguka ndege yote kwa mkono wake, akapapasa propela, akainama kwenye tairi, akatazama mafuta. Hakumtuma mtu.

Kisha bi dada wa mizani akaniita. "Babu, wewe utakaa mbele na Kapteni."

Wasiojua waelewe: Caravan ina viti viwili mbele, na vyote viwili vina usukani. Imetengenezwa iweze kurushwa na rubani mmoja, kwa hiyo kile cha kulia mara nyingi huuzwa kama kiti kingine chochote. Nikapanda kwa taabu, nikafungwa mkanda, nikapewa hedifoni. Mbele ya magoti yangu usukani wa pili unacheza wenyewe kila anapougusa wa kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kapteni. Una miaka mingapi, kama si kukosa adabu?"

Akacheka. "Hamsini na tisa. Ila sasa naomba usinisemeshe mpaka nikuambie."

Jibu hilo peke yake lina thamani ya nusu ya nauli. Tulipokuwa njiani kwenda kupaa niliinua kidole kuuliza kitu, naye akainua cha kwake kuninyamazisha, bila kunitazama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tukapaa laini, tukaiacha Toten na Ras Kazone upande wa nyuma, tukafuata pwani kwenda kusini. Mdomo wa mto Pangani unauona ulivyotapika udongo wake baharini, na ule mchanga wa Maziwe ukiwa mweupe peke yake katikati ya maji. Kwa mandhari, dirisha la mbele halina mfano. Nusu saa hivi, umeshaiona Nungwi.

Akaniruhusu kusema tulipokuwa juu ya bahari. Nikamuuliza kuhusu daktari. Akasema kila miezi sita. Ndivyo ulivyo utaratibu wa kimataifa: rubani wa biashara hupimwa mara moja kwa mwaka, lakini anayebeba abiria peke yake akishafika miaka 40 hupimwa kila miezi sita, na akifika 60 ni hivyo hivyo hata akiwa na mwenzake. Moyo, macho, masikio, mkojo. "Mzee, mimi naonana na daktari kuliko ninavyoonana na shemeji zangu," akasema.

Basi nikawa nimetulia na mtu huyu kabisa. Kilichonitia wasiwasi ni mtu wa upande wa kulia, yaani mimi. Kapteni akishikwa na moyo hapo juu ya mkondo, anayefuata kwa cheo ni babu mwenye magoti mabovu anayekwenda harusini.

Msidhani natunga hofu. Mwezi Mei 2022, ndege ya aina hii hii, Caravan, ilikuwa inatoka visiwa vya Bahamas kwenda Florida, rubani mmoja, akapasuka mshipa mkuu wa moyo akiwa hewani. Abiria ambaye hakuwahi kurusha ndege akashika usukani, mwongoza ndege akamwelekeza kwa redio, akaishusha Palm Beach salama. Dunia ilishangilia. Mimi niliposoma habari ile nilijiuliza kwa nini maisha ya watu yaachwe yategemee kipaji cha abiria.

Hapa ndipo wale vijana waliocheka mvi walipopitiwa. ICAO, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya usafiri wa anga, lina kikomo cha umri kwa safari za biashara za kuvuka mipaka, na kikomo chenyewe ni viwili: rubani akiwa peke yake mwisho 60, wakiwa zaidi ya mmoja mwisho 65. Miaka mitano yote hiyo tofauti yake ni mtu wa pili. Na kuanzia 2006 hadi 2014 walikuwa na sharti zuri zaidi, kwamba mmoja akishavuka 60, mwenzake lazima awe chini ya 60. Baadaye wakaliondoa. Safari za ndani kama hii ya Unguja kila nchi hujipangia yenyewe.

Hata kwetu bara kuna mfano nimeuona kwenye Katiba. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na 60, wa Mahakama ya Rufani 65. Wa Mahakama Kuu kwa kawaida anaamua peke yake. Wa Rufani wanakaa wasiopungua watatu. Sisemi ndiyo sababu iliyoandikwa. Nasema mpangilio umenipendeza.

Kazi yangu mimi ilikuwa kinyume. Rubani wa bandari anaikuta meli nje, anaipanda kwa ngazi ya kamba ubavuni, anamwongoza nahodha mpaka gatini. Daraja la meli lina watu: nahodha mwenyewe, mshika usukani, ofisa wa zamu, na nje kuna tagi mbili, zile boti za kuvuta meli, zinasikiliza redio. Ningeanguka pale, meli ingesimama, wangetia nanga, wangeniita majina, basi. Hata hivyo nilitolewa 60 kamili kama karani yeyote wa serikali. Kichwa kilikuwa kizima. Kilichokuwa kimeanza kuchoka ni magoti kwenye ile ngazi, hasa wakati wa kusi, na hilo daktari angeliona bila kutazama kalenda.

Lakini siungi mkono wanaotaka kikomo kiondolewe kabisa, wapime afya tu. Nimefanya kazi na mwenzangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akikariri herufi za ubaoni kabla ya kupimwa macho. Alikuwa na watoto shuleni, angefanyaje? Na sisi tuliojua hatukusema, kwa sababu nani atamnyang'anya mwenzake mkate? Daktari unaweza kumdanganya, rafiki unaweza kumnyamazisha. Umri hauhongeki. (Ingawa hapa kwetu nao tumeujaribu, wapo waliozaliwa mara mbili, mara ya pili mbele ya hakimu na hati ya kiapo.) Kikomo kinamwondolea kila mtu kazi ya kumsema mzee mwenzake. Ndiyo maana nakitaka, hata kama kilinitoa mimi mapema.

Tena namba yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Marekani waliiweka 60 mwaka 1959, wakati ndege za jeti zinaingia, na kabla ya hapo mkuu wa American Airlines, C. R. Smith, alikuwa amemwandikia mkuu wa usafiri wa anga, Elwood Quesada, akiomba serikali iwawekee marubani umri wa kustaafu. Kulikuwa na tiba ndani yake na kulikuwa na biashara. Ikadumu mpaka Desemba 2007 walipopandisha 65. Juzijuzi wakavutana tena wafike 67. Baraza lao la Wawakilishi likakubali mwaka 2023, lakini sheria iliyopita Mei 2024 ikabaki na 65, na chama kikubwa cha marubani chenyewe kilikuwa kinapinga. Japani wao wako 67. Kwa hiyo anayesema sayansi imeshafunga mjadala, aulizwe sayansi ya nchi gani.

Watu wakitaka kutetea wazee humtaja Sullenberger, rubani wa Marekani aliyetua na ndege ya abiria mtoni Hudson tarehe 15 Januari 2009 akiwa na miaka 57, watu 155 wakatoka wote hai. Ni haki yake. Ila mimi jicho langu liko kwa Jeffrey Skiles, msaidizi wake. Injini zilipozimika, mzee alichukua usukani, Skiles akashika orodha ya kuwasha injini upya. Mikono minne. Mngemkuta Sullenberger peke yake pale, angerusha kwa mkono upi na kufungua kitabu kwa upi?

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana wa ukumbini ni hili: mnaogopa mvi, ogopeni kiti kitupu. Na kiti hicho wao ndio wangekijaza. Hapa Tanga namjua kijana wa jirani, wazazi wameuza kiwanja wakamsomesha urubani, amerudi na leseni na saa chache za kurusha, na kila anapoomba kazi anaambiwa alete saa nyingi. Atazitoa wapi? Mweke kulia kwa huyu Kapteni. Kijana anapata saa na jicho la mtu aliyeona kila upepo wa pwani hii. Mzee anapata mtu wa kumshikia chombo. Kampuni inapoteza nauli ya kiti kimoja. Kiti kimoja. Wagawe hasara kwa sisi tuliobaki, mimi nitaongeza bila kulalamika. Kisha mzee arushe mpaka 65, na ikifika 65 aage, hata kama bado anaweza kupanda mnazi.

Nilimwambia Kapteni haya tulipokuwa juu ya Tumbatu. Akanyamaza kidogo. "Ofisini nimeshasema, mzee. Wananijibu ndege imeruhusiwa rubani mmoja." Kisha akainua kidole tena, na mazungumzo yakaisha, kwa sababu mnara wa Zanzibar ulikuwa unamwita.

Kutua kulikuwa kuzuri. Kusi lilikuwa limevuma tangu alfajiri, naye akatua akilikabili, tairi zikagusa mara moja tu. Wale vijana wakapiga makofi. Mizigo ilitoka yote, mfuko wangu ukiwa na alama ya mafuta ya nazi ya mtu mwingine.

Nyota: rubani tano, bila kusita. Usafi na uangalifu wa uzito, nne na nusu. Mawasiliano ya ofisi mbili, nazo ni kwa ajili ya bi dada wa mizani aliyekuwa na adabu. Kwa jumla naipa tatu. Ofisi imekula moja, na nyingine nimeikata kwa kile kiti. Mkikata tiketi, ulizeni kabla ya kulipa kama marubani ni wawili, wala msiulize miaka yao. Mimi kurudi niliuliza, nikaambiwa ni mmoja. Nikapanda tena, maana boti ya siku ile ilikuwa imejaa, ila safari hii niliomba kiti cha nyuma kabisa.