Spageti za ngano ya durumu (aina ya ngano ngumu) kwa mchuzi wa nyama: bei iko juu, lakini zinastahili

Kabla ya kulipa, geuza pakiti usome viambato. Kama ni unga wa ngano wa kawaida, zitalainika upesi na kugandana. Za durumu zina rangi ya manjano iliyokolea na hazivunjikivunjiki sufuriani.

Pakiti ya gramu 500 yatosha watu watano. Chemsha maji lita 4 kwa vijiko viwili vya chumvi. Mafuta usitie, mchuzi hautashika. Dakika moja kabla ya muda ulioandikwa, kata uzi mmoja: ukiona kitone cheupe katikati, toa, zimalizie kwenye mchuzi na nusu kikombe cha maji yaliyochemshia spageti. Wanga wa maji hayo ndio unaoushikisha mchuzi.

Nyama ya kusaga nusu kilo itie kidogokidogo kwenye mafuta ya moto, la sivyo itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kisha vitunguu, saumu, na nyanya ya paketi gramu 70, uikaange mpaka iwe nyekundu ya matofali na ukali uishe. Ongeza maji, moto mdogo dakika 40.

Kasoro ya spageti za durumu: zikikaa kwenye chujio, nazo hugandana.