Filta na oili ya canter ya zamani: gusa raba ya ndani kabla uulize bei

Mwaka jana mwezi wa saba nilinunua filta mbaya, na hiyo filta ikanifanya nifungue injini nzima. Tangu hiyo siku wenye canter hapa Nakuru wananipigia kila wiki, wengine usiku, wanauliza niweke oili gani, niweke filta gani, kwa hivyo wacha niseme yote mara moja.

Gari yetu ni ya tani tatu, dizeli, haina turbo, imevuka miaka 25. Inabeba viazi kutoka Molo, inapitia Londiani, Kericho, Awasi na Ahero mpaka soko la Kibuye pale Kisumu. Inalala Molo. Sasa Molo iko juu karibu mita 2,500 na mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inakuwa nzito kama uji uliolala. Wiki moja baada ya service dereva akanipigia, "Mama, gari ikiwaka inagonga, halafu inanyamaza." Nikamuuliza inagonga kwa muda gani, akasema mpaka taa ya oili izime, kama sekunde saba, nane hivi. Nikampigia aliyeniuzia spea akaniambia ni baridi tu, gari mzee lazima ilie asubuhi. Nikakubali. Miezi minne ikigonga kila alfajiri.

Ilipokataa kabisa ilikuwa imeshashusha mzigo Kisumu, ikavutwa mpaka kwa fundi mmoja mzee tunayemwita jaduong', mtu ameshika dizeli maisha yake yote. Alifungua akanionyesha beringi zimelika mpaka shaba inaonekana. Krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya beringi, ikapelekwa kuchongwa, tukaweka beringi za 0.25, nene kidogo kujaza kilichochongwa. Halafu jaduong' akachukua ile filta, akaibana kwa vaisi, akaikata mdomo kwa msumeno wa chuma, akatoa kitu cheusi cha mviringo kama sahani ndogo akanipa mkononi. "Nyara (binti yangu), hii ndiyo imekula injini yako." Ilikuwa raba. Ngumu kama ganda la embe lililokaa juani, nilipoikunja ikavunjika.

Hiyo raba ndiyo nataka muielewe, kwa sababu hakuna anayeiuliza dukani. Watu wanauliza brandi, wanauliza bei, wanauliza kama rangi ya boksi ni ile ile. Geuza filta uangalie mdomo wake: kuna shimo kubwa la katikati lenye nyuzi na kuna vishimo vidogo vimezunguka. Oili inaingia kwa vile vidogo, inapita kwenye karatasi, inatokea katikati kwenda kwa injini. Nyuma ya vile vidogo ndio kunakaa hiyo raba, na kazi yake ni moja, gari ikizimwa inafunga ili oili isirudi chini kwa sampu. Ikiwa ngumu haifungi, usiku kucha filta inajimwaga polepole, na asubuhi pampu inaanza kujaza filta tupu kwanza huku krenki inazunguka bila oili ya kutosha. Hizo sekunde nane, kila siku, ndizo zilikula beringi zangu. Oili hata iwe ya bei gani haiwezi kulinda chuma ambacho haijafika.

Kwa haki, kuna gari filta yake inaning'inia na mdomo uko juu, hapo oili inabaki ndani yenyewe kama maji kwa kikombe na hiyo raba haina kazi kubwa sana. Yetu imelala ubavu. Kwa hivyo kwanza ingia chini ya gari yako uone imekaaje, na kama imelala ama mdomo umeangalia chini usicheze na hii maneno.

Dukani nafanya hivi. Naingiza mwisho wa kalamu kwa kishimo kidogo nasukuma raba taratibu, inafaa iende na irudi yenyewe. Halafu napangusa mdomo wa filta na kitambaa safi na napuliza hewa kwa shimo la katikati, na hiyo hewa haifai kutokea kwa vishimo vya pembeni. Ikitoka, hiyo filta irudi kwa shelfu. Wauzaji wengine wananiangalia vibaya, mmoja aliniambia "madam utanichafulia filta," nikamwambia basi nipulizie wewe. Raba ya silikoni inavumilia joto kuliko ile raba nyeusi ya kawaida, na mara nyingi huwa ya rangi ya machungwa ama nyekundu, lakini rangi peke yake isikudanganye kwa sababu rangi mtu yeyote anaweza kuweka. Gusa.

Sasa kwa filta mimi ni mtu wa Sakura na sifichi. Zinatengenezwa Indonesia, zinapatikana Nakuru na Kisumu bila shida, na tangu ile hasara nimekata tatu zilizokwisha kazi na zote raba ilikuwa bado laini, karatasi imejikunja sawa sawa na haijaachana na gundi. Namba mbili naweka ile ya kampuni yenyewe ya gari, ya Isuzu ama ya Fuso, ikitoka kwa dila anayetambulika na sio kwa mtu aliye na boksi moja kwa dirisha. Najua wengi wataniuliza kwa nini jenuini iwe ya pili. Ni kwa sababu boksi ya jenuini ndiyo inaigwa zaidi, na nimechoka kulipa pesa ya jenuini halafu nipewe kitu nisichojua kimetoka wapi. Fleetguard na Donaldson ni filta za nguvu, mwenye trela nitamwambia achukue bila kufikiria, ila kwa canter ndogo mimi huwa nazunguka sana kuzipata. Zile za bei ya chini kabisa, za boksi jeupe ama jina unalisikia mara ya kwanza, sina la kusema zaidi ya kwamba yangu ilikuwa moja yao.

Tukuje kwa oili. Hapa naona watu wanagombana juu ya brandi na hawajasoma nyuma ya dumu. Tafuta herufi za API, ndizo zinaonyesha daraja la oili: C ni ya dizeli, S ni ya petroli, na dumu ikiwa na S peke yake hiyo si ya canter yako hata kama fundi amekwambia oili ni oili. CH-4 ilianza 1998, CI-4 ikaja 2002, na kwa injini ya zamani CI-4 inatosha kabisa, inabeba masizi vizuri na masizi ndiyo hufanya oili ya dizeli iwe nyeusi hata ukibadilisha jana, msishtuke na weusi. CK-4 ilikuja 2016 na ilifikiria sana injini mpya zenye chujio kwa ekzosi, haitaharibu kitu lakini unalipia kitu gari yako haina.

Uzito, mimi ni 15W-40, namba ya kwanza ni oili ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. Kuna hii tabia ya mafundi kusema gari mzee ipewe oili nzito, namba 40 tupu (isiyo na namba ya baridi) ama 20W-50, ati ishike presha. Kama gari yako inashinda Kisumu kwenye joto na inakula oili kidogo, 20W-50 nitakuelewa. Lakini gari inayolala Molo, Timboroa ama Mau Summit, namba 40 tupu asubuhi haisongi, na ukiongeza filta yenye raba mbaya juu yake basi umejenga shida mbili kwa moja.

Namba moja kwangu ni Shell Rimula R4 X, 15W-40, ni CI-4. Nimeweka hiyo tangu injini ifungwe na dereva hajawahi kuniambia ameongeza katikati ya service. Ya pili Rubia TIR 7400 ya TotalEnergies (Total ya zamani), 15W-40 pia, CI-4 pia, na nikikosa ya kwanza nachukua hii na nalala usingizi. Mobil Delvac MX iko hapo tatu. Oili ya kupimiwa kutoka kwa pipa sinunui na sitawahi, mwisho wa hiyo stori. Natoa kwa kila kilomita 5,000 na filta inatoka pamoja na oili kila mara, sio ile ya kubadilisha oili mara mbili filta mara moja.

Na hawa wauzaji jameni. Yetu inameza lita 9, kwa hivyo nanunua madumu mawili ya lita tano. Mara mbili nimefika nyumbani nikakuta moja ni ya lita nne, umbo lile lile, nililipa bei ya tano na risiti imeandikwa "oil" peke yake. Bei nayo inategemea nani ameingia, nikitumwa mimi ni bei nyingine, akienda tanboi wetu dukani hapo hapo inashuka, sijui mwanamke ameandikwa nini usoni. Ukiuliza kama filta ni orijino unaambiwa "orijino gani unataka?" kana kwamba kuna mbili. Na ukirudisha wanakuonyesha kibao cha bidhaa ikishauzwa hairudi, hata kama hujaitoa kwa boksi. Ile filta yangu nilirudi nayo ikiwa imekatwa na raba iliyovunjika kwa bahasha, mwenyewe akaniambia niende nikamuulize aliyeitengeneza.

Kitu kingine, kuna watu wanapita gereji wakinunua madumu matupu ya oili za majina makubwa. Wanajaza nini humo ndani sitaki kujua, lakini yangu hawajazi. Nikimaliza kumwaga, dereva anatoboa kila dumu kwa msumari chini na pembeni kabla litoke kwa compound, na kifuniko kinakatwa na kisu. Jaduong' naye ameanza kufanya hivyo kwa gereji yake. Yule kijana wa kununua madumu alikuja juzi akayageuza moja moja, akaondoka na gunia tupu.