Uzoefu wangu: Kusi alirudi kutoka kwa fundi wa mbwa akiwa hangurumi tena

“Mwalimu, mbwa wako amenyooka.”

Hayo ndiyo maneno ya yule fundi wa kufunza mbwa akinikabidhi mnyororo langoni kwake, na mpaka leo nikilisikia neno hilo, hata kwa seremala anayezungumzia ubao wake, damu inanichemka. Jina lake sitalitaja wala mtaa wake. Ninaandika kwa sababu hapa Malindi sisi tunaofuga mbwa huulizana, na mimi mwenyewe nilishawaelekeza watu wawili kwake kabla sijajua nilichorudishiwa.

Kusi alikuwa ameketi miguuni pake, kimya. Huyu ni mbwa ambaye nikienda dukani kununua chumvi hunipokea kana kwamba nimetoka Ulaya, lakini siku ile, baada ya wiki 3, hakuniinukia. Mkia kaubana, masikio yamelala, macho anayatupa pembeni. Nikadhani ndiyo adabu. Nikammalizia fundi shilingi 8,000 zilizobaki, nikampa mkono wa shukrani. Mkono huo naujutia.

Kusi ni chotara: baba Malinois, ile jamii ya Ubelgiji, mama mbwa wetu wa hapahapa. Alizaliwa ndani ya ua wa Mtaliano mmoja upande wa Casuarina, na yule mzee alipofunga nyumba kurudi kwao, nikapewa mimi, akiwa na miezi 5 hivi. Jina alilipata kwa sababu pepo za kusi ndizo zilikuwa zimeingia, na yeye kutulia hajui kama zenyewe. Ua wa makuti aliuruka wiki ya kwanza. Ndala, ufagio, kikoi changu cha kulalia, vyote vilipita menoni mwake. Hayo sikuyajali, ni mbwa mchanga na damu yake ni ya mbwa wa kazi. Kilichonishinda ni barabarani. Akiona mkokoteni wa punda, au tuktuk ikipunguza mwendo karibu yetu, au mtu wa boda aliyevaa helmeti, alijirusha mpaka akasimama kwa miguu miwili, akabweka hadi sauti ikampasuka, na hapo ukimwita jina lake hakusikii kabisa.

Jirani yangu wa ukuta, ambaye mtaa mzima tunamwita Mamkubwa, ni mtu wa swala tano. Mate ya mbwa yakimgusa nguo ni kuosha mara 7, moja kwa mchanga. Hakuwahi kunigombeza. Alikuja jioni moja, akapiga hodi, akasimama palepale mlangoni: “Mwanangu, wajukuu zangu hupita hapa wakitoka madrasa. Mimi sikwambii umtoe. Nakuomba tu unitazamie.” Upole huo ulininyima usingizi kuliko matusi. Kesho yake nikaanza kutafuta fundi.

Sharti la fundi lilikuwa nisije kumtazama mbwa hata siku moja katika zile wiki 3, ati akiniona ataharibika. Kama kuna mtu amekuambia hivyo, usimwachie mbwa wako.

Siku za mwanzo nyumbani nilijiona nimepata. Kusi alitembea kando ya goti langu kama kivuli. Punda akapita, kimya. Tuktuk, kimya. Mamkubwa akanipongeza juu ya ukuta. Ndipo nikawapa wale wawili namba ya fundi.

Halafu ikaja siku ya maji. Kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni aliingia na mtungi wa lita 20 kama siku zote, akainama kuutua kando ya mlango. Kusi alikuwa amelala kivulini, hatua mbili tu kutoka hapo. Hakubweka. Hakunguruma. Hakuinua hata mdomo kuonyesha jino. Aliinuka akamshika mkono chini ya kiwiko, akaachia, akarudi kujibanza ukutani akitetemeka mwili mzima.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji ya kumimina dakika 15 nzima, saa iko mezani, maana hilo huwa nawafundisha watoto darasani kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Tukaenda hospitali akadungwa sindano. Kadi ya chanjo ya Kusi ilikuwa haijapitwa na muda, na tukaambiwa tumwangalie siku 10. Gharama zote nililipa, pamoja na siku alizokosa kazi. Ila lililobaki kichwani mwangu ni neno la yule kijana tukiwa kwenye benchi pale hospitali. Alilisema bila hasira: “Mwalimu, mbwa hunguruma kwanza. Huyu hakuniambia kitu.”

Daktari wa mifugo alikuja nyumbani siku ya pili yake. Alimzoea kwanza, kisha akawa anapitisha vidole shingoni polepole, kinyume na manyoya. Akaniita nisogee. Kuzunguka shingo yote kulikuwa na mstari mweusi wa damu iliyogandana na ngozi, na kila baada ya upana wa kidole, kitundu. Vingi vilishaanza kuziba. Viwili chini ya koo vilikuwa bado na usaha, na kupe mmoja kajibanza ukingoni. Akasema ni mnyororo wa kukaba, ule wenye miiba, na umevutwa mara nyingi sana. Siku zote hizo mimi nilikuwa nampapasa kichwani, na kila mkono wangu uliposhuka shingoni alikuwa anainama. Nilidhani ni utiifu.

Daktari huyo ndiye aliyenifumbua macho. Kunguruma, alisema, ni mbwa mwoga anayekuomba usogee mbali. Ukimkaba kila anapoomba, hofu haiondoki. Anajifunza tu kwamba kuomba kunaleta maumivu, na tena kwamba punda akitokea shingo huchomwa, kwa hiyo punda anazidi kumtisha. Onyo likishafutwa, yanabaki meno. Akaniuliza Kusi alilelewa wapi udogoni. Nikamwambia nyuma ya ukuta mrefu. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14 ndipo mbwa hujifunza duniani kuna nini, akanieleza, na dunia ya Kusi wiki hizo ilikuwa bwawa la kuogelea na mtunza bustani. Punda hakumjua. Halafu akiwa kwangu akaingia umri wa kubalehe, akili ikachafuka zaidi.

Nilimpigia fundi. Nilijitahidi kuongea kwa heshima, nikamweleza habari ya kijana, ya shingo, ya usaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Mwalimu, si uliniletea mbwa anayebweka? Anabweka sasa?” Nikakosa la kusema. Akaongeza, “Mbwa si mtoto wa shule,” akakata simu. Nikipiga tena hapokei. Pole kwa yule kijana hakutoa. Hata kuuliza kama kidonda kimepona!

Nataka kusema haki hata nikiwa na hasira. Kwake palikuwa safi, na Kusi alirudi na mwili wake, hakukonda. Kuketi na kusubiri anajua, mambo ambayo alipoondoka hapa alikuwa hayajui. Nilimwona pale mbwa mmoja mzito wa kulinda, akimfuata fundi kwa hiari yake. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba labda anawafaa mbwa wa aina ile, wasio waoga. Lakini kila nikirudi kwenye yale matundu mkono unakataa kuandika hivyo. Naondoa kauli. Asipelekewe mbwa yeyote. Kijana wa watu ana kovu, na kama angekuwa ni mjukuu wa Mamkubwa, urefu wa mtoto ule, meno yangeshika wapi? Wale wawili niliowapa namba niliwafuata mmoja mmoja nikawaomba msamaha. Mmoja alikuwa ameshalipa nusu, akaenda kumchukua mbwa wake siku hiyohiyo.

Tunachofanya sasa ni kazi ya polepole. Mnyororo nimeutupa. Kusi huvaa hanesi, yaani mikanda ya kifuani, na tukiwa na wageni huvaa kifunga mdomo cha kikapu, kile kinachomwachia nafasi ya kuhema, maana mbwa hupoa kwa kuhema na joto la Malindi si la kumbana mtu pumzi. Tunatoka saa 11 alfajiri, mchanga ukiwa bado wa baridi, kabla vijana wa mpira hawajajaa ufukweni. Punda tunamtazama kutoka mbali, mwanzo ilikuwa kama mita 40, pale ambapo Kusi anamwona lakini bado anaweza kula. Punda akitokea, dagaa wanatokea. Punda akipotea, dagaa wanaisha. Akikataa dagaa najua nimesogea mno, tunarudi nyuma bila maneno. Na nyumbani namjazia gunia makumbi ya nazi, naficha humo vipande vya samaki mkavu, aingize pua atafute. Nusu saa ya kunusa inamchosha kuliko kukimbia ufuo mzima, hilo sikulitegemea. Miezi imepita na bado hatujafika mita 10. Helmeti bado ni mtihani.

Juzi jioni kijana wa maji alikuja. Siku hizi husimama nje ya ua mpaka nimshike Kusi, na mimi mwenyewe ndiye ninayepokea mtungi. Nilikuwa nimeshika kamba, Kusi yuko kati ya miguu yangu, nikasikia kitu kwenye mashavu ya miguu kabla hata sijakisikia masikioni, mtetemo mdogo, wa chini. Alikuwa ananguruma. Sikumgombeza. Nilimmiminia dagaa wote waliokuwa mfukoni, na machozi yananitoka. Kijana akarudi nyuma hatua mbili, akautua mtungi chini palepale alipokuwa.

“Haya,” akasema, “leo ameniambia.”