Uzoefu wangu: hita plagi mpya kwenye Hilux ya dizeli inayogoma asubuhi

Toyota Hilux yangu ina injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8, na baridi ya Njombe ya mwezi Juni na Julai ndiyo iliyoitesa. Sasa inatumia seti ya hita plagi (vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwaka) nne mpya zilizotengenezwa Japani, nami nimeridhika nazo kabisa, ingawa sifa kubwa zaidi nampa fundi aliyekataa kuzifunga kabla ya kupima.

Asubuhi stata ilizunguka kwa nguvu, moshi mweupe ukatoka kwenye ekzosi, na injini isiwake. Ikishapata joto, iliwaka vizuri siku nzima. Gereji ya kwanza, bila kugusa hata waya mmoja, ilitaka kushusha pampu ya dizeli na kubadilisha nozeli zote zinazopulizia dizeli kwenye injini, kazi ya gharama kubwa. Fundi wa pili alianzia kwenye moshi. Alinieleza kwamba moshi mweupe wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyofika kwenye silinda ikakosa joto la kuiunguza, na kwamba moshi usipotoka kabisa ndipo njia ya mafuta hushukiwa kwanza. Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na chuma kikiwa cha baridi hita plagi ndizo hufidia joto hilo.

Alifungua kibati kinachoziunganisha, kisha akapima kila moja kwa mita ya umeme, waya mmoja kwenye ncha ya hita plagi na mwingine kwenye bodi ya injini. Nzima husoma takribani omu 1 au pungufu. Tatu kati ya zangu hazikusoma chochote, maana yake zilikuwa zimekatika ndani. Alihakikisha pia kwamba relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inaleta umeme kwenye kibati ufunguo unapowashwa, na kwamba betri haishuki chini ya volti 10 stata inapozunguka. Upimaji huo haukuchukua muda mrefu, na ndio ulioniokolea fedha.

Unaponunua, soma volti zilizopigwa chapa kwenye hita plagi yenyewe, kwa kuwa zipo za volti 6, 11 na 12 zinazofanana kwa umbo. Ya volti 6 ikifungwa kwenye mfumo wa 12 huungua upesi.

Baada ya kuzifunga, gari liliwaka mara moja, lakini likawa linataka kuzima baada ya sekunde chache. Fundi aliweka mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, na mapovu yakaonekana yakipita: mpira wa pampu ya mkono juu ya filta ulikuwa umepasuka na kuvuta hewa. Ulipobadilishwa, tatizo lote likaisha.

Wanaozoea kupuliza eta, kimiminika kinachoshika moto upesi, kwenye njia ya hewa ya injini ili iwake nawasihi waache. Ikikutana na hita plagi iliyoiva hulipuka kabla ya wakati wake, na inaweza kuvunja pistoni.