Uzoefu wangu: kutengenezesha kitanda na makochi Keko kwa bajeti ya mpangaji

Ukishalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali ukampa mwezi wake, kinachobaki mfukoni hakikufikishi kwenye maduka ya samani yenye viyoyozi. Mimi nimehamia Tabata: chumba, sebule, jiko dogo, choo ndani, na LUKU ya peke yangu. Nilitoka kwa ndugu na mabegi ya nguo na vyombo vichache vya kupikia, basi. Nikaamua kitanda na makochi nitengenezeshe Keko, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayejiuliza kama inafaa. Inafaa, ila kitanda na makochi nitavisema kila kimoja kivyake, maana huduma niliyopata haikulingana.

Kwa asiyepafahamu, Keko iko Temeke, upande wa Chang'ombe, na mafundi wanafanyia kazi pembeni ya barabara kabisa. Huku wanaranda, kule wanapiga msasa, hapo mbele vimepangwa vitanda na meza za vioo vinavyosubiri mteja. Vilivyo tayari vinang'aa na vinashawishi, hasa kwa mtu anayelala chini. Lakini samani ikishapigwa vanishi huwezi kujua mbao gani imo ndani. Kwa hiyo nilizunguka kwanza bila kutoa hela, nikatafuta fundi ambaye ana mbao zake pale pale na haoni tabu kunionyesha.

Niliyempata aliniambia wazi: "Dada, ukitaka mninga mtupu sema, ukitaka mchanganyiko sema. Bei zake ni mbili tofauti." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kwake. Wengi watakuuzia "mninga" ambao kichwani mwa kitanda ni mninga kweli, ubavuni ni mbao nyingine iliyopakwa rangi ifanane. Huyu akachukua ubao, akaulaza chini, akanionyesha sehemu ya katikati ya kahawia yenye mistari, na ukingo mweupe wa njano uliokuwa upande wa gome. Ule weupe, akasema, ndio bungua wanaoupenda. Mninga wenyewe ni mti imara na haupindipindi ukishakauka, lakini ukingo wake mweupe huliwa kama mbao yoyote laini, na ukifunikwa na rangi hutaujua mpaka siku utakapoona unga mwembamba sakafuni chini ya kitanda. Nikamwomba auondoe wote kwenye kitanda changu. Aliuondoa, na akaniita nikakague kabla ya kupiga msasa wa mwisho.

Kwa futi tano kwa sita tulikubaliana 480,000, chaga zikiwa za paina kupunguza gharama. Paina haina shida mahali pale, hailengwi na macho ya mtu, mradi ziwe nene na zipangwe karibu karibu. Chaga zikiachana sana godoro linadidimia katikati ya nafasi, na hapo hata ungenunua godoro la bei gani mgongo utauma tu. Niliomba pia kitanda kifungwe kwa nati badala ya kugongelewa misumari. Mpangaji huhama, na korido za nyumba zetu hizi unazijua. Kitanda kilifika kwa kirikuu kikiwa vipande, fundi akakiunga chumbani kwa muda mfupi sana, na mpaka leo hakijatoa mlio hata mmoja.

Kasoro ya kitanda ni ahadi. Nilitoa nusu kama malipo ya awali, nikaambiwa wiki moja, na wiki ikapita. Kila nikipiga simu, "kesho jioni njoo." Alichelewa kwa sababu alikubali kazi nyingi kwa wakati mmoja, na hilo linaumiza kwa mtu ambaye amelala kwenye mkeka. Ushauri wangu: toa theluthi badala ya nusu, andikianeni tarehe kwenye karatasi, na pita mwenyewe asubuhi siku ya kazi uone kama mbao zako zimeshakatwa.

Godoro nililinunua dukani, la haidensiti inchi nane, na ndipo nilipotumia pesa bila kusita. Pima kitanda kwa ndani na futi kamba kabla ya kwenda, maana wapo mafundi wanaohesabu futi tano mpaka nje ya mbao.

Makochi sasa. Kazi hiyo niliipeleka kwa fundi mwingine, jirani na yule wa kwanza, kwa sababu wa kwanza hashoni. Kitambaa kilishonwa vizuri, mishono imenyooka, rangi ndiyo niliyochagua. Lakini tulikubaliana sponji nzito ya kipande kimoja kwenye makalio. Nilipofungua zipu nyumbani nikakuta vipande vitatu vilivyounganishwa kwa gundi, cha katikati laini kuliko vingine. Nilimrudia na picha, akabadilisha bila malipo, nami nikalipia usafiri wa kwenda na kurudi. Hilo lilinikera kweli. Kochi lina siri nyingi kuliko kitanda: fremu imefunikwa, mikanda imefunikwa, sponji imefunikwa. Ukitengenezesha, mwambie fundi asigongelee kitambaa cha chini mpaka uje uone fremu na mikanda kwa macho, na zipu za mito uzifungue kabla hujamalizia malipo. Asiyekubali, ondoka.

Vitu vidogo havina maneno mengi. Mapazia, fimbo zake na sufuria nilivipata Kariakoo kwa bei ya kuongea, na ukienda na mtu anayejua kupatana unarudi na chenji. Meza ya sebuleni nilipewa na rafiki aliyekuwa anahama, nikaipiga msasa na vanishi mwenyewe ikapendeza. Watu wanaohama ni hazina, waulize mapema, maana hawataki kubeba kila kitu.

Kwa kitanda, namsifu fundi wangu kwa moyo wote na kuchelewa kwake nimemsamehe. Kwa makochi, kazi ni ya wastani, na bila kukagua ningebaki na hasara. Kabati la nguo nalisubiri, kwa sasa natumia lile la turubai lenye zipu. Nikipata hela nitarudi kwa fundi yule yule wa mninga, safari hii nikiwa na tarehe kwenye karatasi na theluthi mkononi.