Phantom au Tomcat? Ubishi wa Jolly Rogers

Kila tukipiga stori za VF-84, kile kikosi cha ndege za kivita cha jeshi la maji la Marekani kilichoitwa Jolly Rogers na kuvunjwa 1995, ugomvi ni uleule, ipi ilikuwa kali kati ya ndege zao mbili za mwisho, F-4 Phantom na F-14 Tomcat. Phantom walienda nayo Vietnam 1965 na meli ya USS Independence, injini zake za J79 ngumu balaa ila ule moshi mweusi ulikuwa unamchongea rubani toka mbali, halafu haina mzinga ndani, makombora tu (mi hii siielewi mpaka leo).

Tomcat ikaja katikati ya miaka ya 70 na mabawa yanayojikunja nyuma ikishika spidi, rada inafuatilia shabaha 24 kwa mpigo, inabeba makombora 6 ya masafa marefu ya Phoenix. Lakini bei haishikiki, mafundi wanakesha, na injini za TF30 ukisukuma mafuta vibaya zinapata kwikwi hewani. Matunzo Phantom kashinda, kuona mbali hana chake.

We wa kuunga modeli za plastiki, kama unafuatilia Vietnam chukua Phantom, kama unataka vita vya Ghuba 1991 chukua Tomcat. Mkia wenye fuvu na mifupa zote zinao.