Thogoto: msiishie kwa lile kanisa kubwa tu

Kama mnaenda Church of the Torch pale Thogoto, Kikuyu, tafadhali msipige foto za lile kanisa kubwa la mawe halafu mgeuze gari mrudi Nairobi, maana tua niliyolipia mimi (kampuni siitaji) ilikuwa hivyo tu, dereva anaangalia saa, anatuambia ni kanisa la Wapresbiteri, wamishenari walitoka Scotland, lilifunguliwa 1933, haya twende. Sawa, jengo ni zuri, kwa hilo sina neno. Lakini utamu wa hapa uko kwa lile kadogo la zamani, Watson-Scott Memorial, la 1909.

Watson, mmishenari wa hao Waskoti, ndiye alihamisha misheni kutoka Kibwezi akaileta Kikuyu 1898, akafa 1900, na mkewe Minnie, ambaye ndoa yao ilikuwa bado mbichi kabisa, hakurudi kwao, alibaki hapo akifundisha mpaka 1931, na alipokufa huko Scotland majivu yake yakaletwa Thogoto. Mama alikuwa ngangari! Scott, mmishenari mwenzake, naye alitokea Blantyre ya Malawi, akafa 1907.

Sasa 1913 ndio kukanuka. Wamishenari wa madhehebu tofauti walikutana hapo kupanga vile watashirikiana, mwisho wakashiriki meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na aliyeongoza ni Peel, askofu Mwanglikana wa Mombasa. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, Mwanglikana pia, kusikia wenzake wameshiriki hivyo na madhehebu mengine akawaka, akawashtaki Peel na Willis, askofu wa Uganda, kwa uzushi (yaani kupotoka kiimani), maneno yakafika mpaka kwa askofu mkuu wa Canterbury, mkubwa wa Waanglikana. Uingereza watu wakawa wanatania ati jibu la askofu mkuu ni kwamba ile ibada ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe tena kamwe 😂

Yote hayo dereva wetu kimya. Yaani hata Kenyatta kubatizwa kwa misheni hii 1914 hakusema, na hiyo si hata siri.

Kanisa nyota 5, tua 2, na hizo 2 ni za gari. Nendeni wenyewe, matatu mpaka Kikuyu halafu boda imalizie, ila si Jumapili asubuhi watu wakiwa ibadani, na muombe ruhusa kabla ya kutoa simu. Mkipata mzee wa kanisa mwenye nafasi, muulizeni ya 1913.